Dada yangu kiziwi alitibiwa kifafa miaka mingi, kumbe ni moyo: altrasaundi iliyotukuta sote wawili

Wakuu, salaam. Mlionizidi umri shikamooni, wengine habari za kutwa.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, uzi wangu wa kwanza ni huu. Juzi nimeona jamaa anaulizia mdogo wake anayeanguka anguka, watu wakamjaza mambo ya majini, wengine kifafa. Nikaona nikinyamaza nitakuwa sijamtendea haki. Ninachoandika nimekiona kwa macho yangu, sio chai. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Ni ndefu. Mwenye haraka aihifadhi.

Sisi ni watu wa Miteja, Kilwa. Ni kijiji cha wakulima kwenye barabara ya kwenda Lindi. Ufuta, korosho, mihogo, mahindi kidogo. Nyumbani Kiswahili na Kimatumbi vinakwenda pamoja, hujui kimoja kimeishia wapi.

Mama yetu alizaa watoto watatu. Wa kwanza Issa, alizaliwa hasikii. Wa pili dada Somoe, naye hasikii. Wa mwisho mimi, nikatoka na masikio mazima.

Issa simjui. Alifariki akiwa mtoto, mimi sijazaliwa. Tuliambiwa alianguka akicheza, basi. Mama alikuwa hapendi kuulizwa.

Baba alifariki mapema kwa maradhi mengine kabisa. Mama akawa mtu wa shamba kutwa nzima, kwa hiyo aliyenilea hasa ni dada Somoe. Kunibeba mgongoni, kunilisha, kuniosha, kunichapa.

Tuliongea kwa mikono. Hakuna aliyetufundisha, zilikuwa alama zetu za pale nyumbani. Mama alikuwa ishara ya kuvuta kanga kichwani. Mimi nilikuwa ishara ya kuvuta sikio, kwa sababu mwenye sikio ni mimi. Humu nitaandika maneno ya dada kama aliyatamka, ili tusichoshane.

Kuna watu wanadhani kiziwi ni mpole. Dada yangu sio mpole. Alikuwa anajua nani anamsengenya kwa kuangalia mabega yake tu. Na mimi alinipa kazi ya kusikiliza: sufuria imechemka? Nani anapita barabarani? Mama amerudi? Ukikosea unazabwa kofi.

Sasa tatizo lilikuwa kuanguka.

Tangu mdogo, akikimbia sana au akishtuliwa, anaanguka chini kama gunia. Macho yanageuka, mwili unakakamaa kidogo, baada ya muda anaamka amechoka, anauliza kwa nini mnaniangalia.

Mwanzoni walisema jini. Akafukizwa mpaka nyumba ikawa haiingiliki. Baadaye likaja neno kifafa, akaanzishiwa dawa. Siwalaumu waliosema hivyo, hata mimi ningesema hivyo hivyo ukimuona. Lakini zile dawa zilimfanya asinzie kutwa, na kuanguka kukabaki pale pale.

Hii ni ile miaka biashara huria imeshika kasi, wanunuzi binafsi wanaingia na malori mpaka shambani kugombea ufuta. Simu za mkononi ndiyo zinaanza, ukitaka mtandao unapanda kichuguu. Msimu mmoja ufuta ulikubali, mama akamnunulia dada cherehani. Mitumba ilikuwa imejaa kila mahali na kila mtu anataka suruali yake ipunguzwe. Dada akawa fundi, akapata jina mpaka Nangurukuru.

Huko Nangurukuru alikuwepo fundi baiskeli anaitwa Shaibu, kwao hasa ni Milola. Alileta suruali ipunguzwe kiuno. Wiki iliyofuata akairudisha ipunguzwe miguu. Kisha kiuno tena. Ikafika mahali nikamwambia, "Kaka, hii sasa ni ya mtoto wa shule."

Akacheka tu. Jamaa alikuwa anajifunza mikono yetu taratibu, kila akija anajua neno jipya. Dada akampa jina: ishara ya kuzungusha pedeli.

Alipotaka kutuma mshenga, akaja kwanza mjomba wake, mzee mmoja wa heshima zake. Akakaa, akanywa chai, akaongea vizuri.

"Binti ni mchapakazi. Kutosikia siyo tatizo, wangapi wanasikia na hawaelewi. Lakini kifafa, dada yangu, hapana. Nisikufiche."

Mama alimuongezea chai tu.

Dada alikuwa amekaa kwenye cherehani anatuangalia midomo. Mzee alipoondoka aliniuliza, "Amekataa?"

Nikamwambia amesema atafikiria.

Akasema, "Muongo." Akarudi kushona.

Miezi michache baadaye likatokea tukio lililotutikisa.

Tulikuwa shambani, ngedere wakaingia kwenye mahindi. Dada akawakimbiza na fimbo. Nikamuona anakimbia, kisha simuoni tena.

Nilipofika alikuwa amelala kifudifudi. Tukamgeuza. Safari hii hakukakamaa. Alikuwa amelegea, midomo imebadilika rangi, na sikuona kifua kikipanda. Wakuu, nilimuita jina lake, mtu asiyesikia, nilimuita mpaka sauti ikakauka.

Jirani yetu Binti Ali alikimbilia pale, akainama akaanza kumsomea shahada sikioni.

Mama akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Hasikii huyo, dada. Mshike mkono."

Binti Ali akamshika mkono, akaendelea kusoma huku anaubonyeza ubonyeza. Mimi nilishageuza uso.

Halafu dada akavuta pumzi, moja kubwa, kama mtu aliyetoka chini ya maji. Akafumbua macho. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumuonyesha mama kwamba machozi yake yanadondokea gauni jipya.

Siku hiyo mama hakula.

Shaibu alipopata habari alikuja na jambo lake. Alisema kuna madaktari wa masikio wanapita, watakuwa Nangurukuru shuleni, watu wapelekwe kupimwa. Alikuwa na matumaini dada atapewa kile kifaa cha kusikilizia. Tukaenda watatu.

Daktari wa masikio, kijana mwenye miwani, alimpima dada kwa muda. Akasema kifaa hakitamsaidia, usikivu haupo kabisa tangu kuzaliwa. Shaibu aliinamisha kichwa kama yeye ndiye aliyepimwa.

Nikaanza kumshika dada mkono tuondoke. Yule daktari akauliza, "Huwa anazimia?"

Nikasema, "Ana kifafa."

"Anaanguka akiwa anafanya nini?"

"Akikimbia. Au akishtuliwa."

"Akiwa amekaa tu, au amelala?"

Nikafikiri. "Hapana. Sijawahi kuona."

Akaweka kalamu chini. "Kuna ndugu mwingine kiziwi?"

"Kaka yetu, marehemu."

"Alifariki vipi?"

"Alianguka akicheza."

Kisha akasema, "Huyu sitaki mumpeleke tena kwa ajili ya masikio. Mpelekeni Dar apimwe moyo. Na msisubiri msimu uishe."

Akatuandikia rufaa. Njiani nilikuwa naona kama tumepotea. Unakwenda na masikio, unarudishwa na moyo.

Tukaenda Dar na mama. Shaibu akasema lazima atusindikize. Kwa kuwa hajamuoa dada na mjomba ameshakataa, alikaa viti vya mbele kabisa na sisi nyuma, anajifanya hatujui. Basi likisimama analeta machungwa, anamkabidhi mama, anarudi mbele. Watu wa basi zima walishaelewa kabla hatujavuka Rufiji.

Hospitali siitaji. Daktari wa moyo alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, sauti ndogo. Alimuamkia mama kwanza, shikamoo mama, ndiyo akakaa. Mama alimpenda hapo hapo.

Kwanza dada akapimwa ECG, kile kipimo cha waya kifuani kinachotoa mistari kwenye karatasi. Daktari akaiangalia, akatugeuzia tuione.

"Moyo ukishapiga, unahitaji muda kidogo ujiandae kupiga tena," alisema. "Wa huyu binti unachelewa sana kujiandaa. Akikimbia au akishtuka, pigo lingine linafika moyo haujawa tayari. Badala ya kusukuma damu unabaki unatetemeka. Damu haifiki kichwani, anaanguka. Ukijirudisha wenyewe, anaamka."

Hakumalizia upande wa pili. Hakukuwa na haja.

Akamuuliza mama kuhusu Issa. Nilidhani mama atasema yale yale ya siku zote. Lakini alivuta kanga yake, akaanza.

"Alikuwa anaendesha tairi. Wenzake wakamkimbiza, naye anacheka. Akaanguka. Nikadhani anacheza, nikaendelea kutwanga."

Ndiyo mara ya kwanza nasikia hayo maneno. Daktari akaandika, kisha akauliza.

"Mama, wewe na baba yao mna undugu?"

"Mtoto wa mjomba wangu. Ndivyo tulivyoozwa." Alikuwa anaangalia sakafu.

"Sikuulizi kwa ajili ya lawama. Hakuna aliyekosea. Wewe ulibeba nusu ya tatizo bila kujua, na yeye nusu. Nusu peke yake mara nyingi haimuangushi mtu. Issa na Somoe wamepata nusu zote mbili. Sikio la ndani na moyo kuna kitu kimoja vinakitumia vyote katika kazi yao. Kikikosekana, sikio halisikii na moyo unachelewa."

Mama akauliza, "Kwa hiyo siyo jini?"

"Siyo jini. Na siyo kifafa."

Mama akaitikia kwa kichwa, mara nyingi nyingi, kama anahesabu kitu moyoni.

Daktari akasema sasa twende altrasaundi. Hapo nikajitia ujuaji. Nikamwambia, daktari, si umeshaona kwenye karatasi? Na altrasaundi si ya wajawazito?

Akatabasamu. "Karatasi imenionyesha umeme. Nataka nione nyama inaufuata vipi huo umeme."

Akanieleza kwamba jambo la kwanza ni kuhakikisha moyo wenyewe umeumbika sawa: kuta, milango yake, ukubwa. Wenye ugonjwa huu mara nyingi moyo kwa macho ni mzuri tu, ndiyo maana unawadanganya watu. Jambo la pili ni muda. Ukuta wa moyo unakaza kisha unaachia. Kwa baadhi ya wagonjwa hawa unachelewa kuachia, na sehemu moja inaachia wakati jirani yake bado imeshika. Walio hivyo, alisema, ndio wanaoelekea zaidi kuanguka. Kwa hiyo inasaidia kujua nani wa kumkazania macho.

Dada akalazwa ubavu wa kushoto, akapakwa ile jeli. Baridi ilimkera, akanitazama kama mimi ndiye niliyeipika. Kisha akaona kioo.

"Nini hicho kinachokwenda?" aliniuliza.

Nikajigusa kifua, kisha nikaonyesha chake.

Mtu ambaye hajawahi kusikia hata mlango ukigongwa, anaona moyo wake unapiga. Akaweka mkono mmoja kifuani, na ule mwingine akaanza kuufumba na kuufumbua ngumi, sambamba na kioo.

Mimi nilijitahidi kumweleza ugonjwa. Nikaonyesha mstari, nikaonyesha kukimbia, nikaonyesha kuchelewa. Hola. Anazidi kukunja uso.

Daktari akaacha kazi yake. Akamshika dada ile ngumi. Akamfumbua na kumfumba: fumba, fumbua, fumba, fumbua. Akajionyesha yeye mwenyewe kwamba huu ni wa kwangu. Halafu akamfumba tena, akaishikilia ngumi imefumba, akaishikilia, kidole kimoja kikaachia, kingine bado, ndiyo mwisho mkono ukafunguka. Akamuonyesha kioo. Huu ni wako.

Dada akarudia mwenyewe. Akaonyesha kukimbia, akaishikilia ngumi, kisha akaangusha kichwa pembeni.

Daktari akaitikia.

Kuanzia hapo wale wawili hawakunihitaji tena. Nilibaki nimesimama na begi la mama.

Nikadhani tumemaliza. Dada anajifuta jeli, akaninyooshea kidole.

"Na yeye."

Daktari akaniuliza, "Umewahi kuzimia?"

"Hapana."

Mama naye akasema, "Huyu mzima, daktari."

Dada akatikisa kichwa kwa hasira. Akaanza kuigiza pale pale. Mto Matandu. Mimi mdogo, naruka majini kutoka juu. Natokea nimelala chali, sijitikisi wala sipigi miguu, naelea tu. Yeye anaingia na nguo zake, ananivuta mguu.

Nilikumbuka. Nikamwambia daktari, "Hiyo nilikunywa maji tu."

Dada alikuwa ananiangalia mdomo. "Hukunywa maji. Mdomo ulikuwa umefumba. Nilikushika hapa." Akaniwekea kiganja kifuani. "Kulikuwa kimya."

Nikataka kubisha. Mama akanizuia.

"Anakijua kifua chako," alisema. "Ulipokuwa mchanga alikuwa analala ameweka mkono hapo, ndiyo namna yake ya kujua kwamba unalia. Mimi nilikuwa nimechoka na shamba, yeye ndiye aliyekuwa ananiamsha."

Sikuwa najua, wakuu. Nilipanda kitandani.

ECG yangu ikatoka katikati. Daktari alisema wapo watu wazima wenye mstari kama ule na hawana shida yoyote. "Ungekuja peke yako bila familia yako, huenda ningekurudisha nyumbani."

Kwenye altrasaundi alichukua muda zaidi kuliko kwa dada. Akarudisha picha nyuma, akaisimamisha, akapima, akarudia sehemu nyingine. Mimi natazama dari.

Mwisho akanionyesha. "Moyo wako umeumbika vizuri. Lakini uone ukuta huu wa nyuma. Unakaza upesi, halafu unabaki hapa, kama mtu aliyeshika kitu akasahau kukiweka chini."

Nikauliza, kwa hiyo na mimi?

"Una nusu moja, nusu ya pili hujapata, ndiyo maana unasikia. Wengi wenye nusu hawasumbuliwi. Ila mstari wako uko mpakani, ukuta unachelewa, na dada yako amekutoa mtoni. Altrasaundi peke yake isingenitosha. Ule mto peke yake pia nisingejua niuweke wapi. Vikikaa pamoja, sikuachi bila dawa."

Nilikuwa nimekuja kama msindikizaji. Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la korido, mama akakaa kulia, dada kushoto.

Dada ndiye aliyeanza. Akanivuta sikio taratibu, jina langu lile, kisha akasema, "Sasa tuko sawa." Na akacheka, ile sauti yake ya ndani ambayo hajui kwamba inasikika. Nikacheka na mimi huku machozi yananitoka. Mama akatuambia tuache, watu wanatuangalia, na yeye mwenyewe analia.

Tukapewa propranolol, vidonge vya kuutuliza moyo, sote wawili, kila mtu na kipimo chake. Dawa za kifafa daktari akapanga ziondolewe kidogo kidogo. Masharti: hakuna kukimbia mbio, hakuna kuogelea, nyumbani watu waache kumshtua dada kwa nyuma, na dawa yoyote nyingine, hata ya malaria, tusimeze kabla ya kumwambia mtoa dawa kwamba tuna tatizo hili la moyo, kwa sababu zipo zinazouchelewesha zaidi. Na tusiruke dozi. Alisema nchi za nje kuna kifaa kinachowekwa kifuani cha kuushtua moyo ukigoma, lakini kwetu wakati ule hakipatikani, kwa hiyo vidonge ndiyo ulinzi wetu, tuviheshimu.

Sasa Shaibu. Alikuwa nje muda wote huo na machungwa yake. Alipoeleweshwa, akamfuata daktari mlangoni.

"Daktari, samahani. Naweza kumuoa?"

Daktari akamtazama. "Mimi ni wa moyo, sio kadhi. Wewe ni ndugu yao?"

"Hapana. Sisi watu wa Milola."

"Basi watoto wenu mtawapima, ila kupata kama mama yao ni nadra sana. Mengine muulize mwenyewe."

Na jamaa akamuuliza mwenyewe. Pale korido, kwa mikono, mbele ya mama mkwe. Mama ikabidi ageukie ukuta aanze kusoma tangazo la chandarua, na mama hajui kusoma.

Dada alimuacha amalize. Kisha akamuuliza, "Mjomba wako?"

"Nitamweleza."

"Mweleze kwanza."

Hakusema ndiyo. Lakini machungwa safari hii aliyapokea yeye.

Kumweleza mjomba haikuwa rahisi. Shaibu alijaribu mara ya kwanza, mzee akasema mambo ya karatasi za Dar hayajui. Mara ya pili dada akaenda mwenyewe, na mama, na mimi mfasiri. Hakunipa nafasi ya kufasiri. Alikaa mkekani mbele ya mzee, akanyoosha ngumi, akafanya vile alivyofundishwa. Huu wako, fumba fumbua. Huu wangu. Akaishikilia, akaishikilia, akaachia kidole kimoja kimoja. Kisha akatoa kidonge akakionyesha.

Mzee akatazama muda mrefu. Akaniuliza, "Kwa hiyo tatizo lake ni kuchelewa kuachia?"

"Ndiyo mjomba."

"Basi mbona hata mimi kuachia kwangu ni kwa shida."

Wakuu, huyu mzee kwa ubahili alikuwa anajulikana mpaka Somanga. Mkewe alicheka akalazimika kutoka nje. Mzee akaridhia posa siku hiyo hiyo.

Harusi ilikuwa ya utulivu. Kina mama waliambiwa bibi harusi asishtuliwe, wakaelewa kupita kiasi, mtu akitaka kumpa mkono anatembea kama anakaribia ndege. Dada alikereka. Mwisho akainuka mwenyewe akacheza, taratibu, anafuata miguu ya wenzake.

Sitaki mdhani vidonge vilimaliza kila kitu. Masika moja barabara ilikatika, maduka ya dawa yakaishiwa, dada akakaa siku kadhaa hana dozi. Mbuzi akakatiza mbele yake, akashtuka, akaanguka. Aliamka, Alhamdulillahi. Shaibu alipanda baiskeli mvua inanyesha mpaka Kilwa Masoko, akarudi amelowa ila vidonge vikavu, amevifunga kwenye mfuko wa nailoni kifuani. Tangu hapo hatungoji viishe ndiyo tununue.

Mimi sijawahi kuanguka. Asubuhi, kabla sijaoa, dada alikuwa anakuja kunisimamia nimeze, anakagua na chini ya ulimi. Siku hizi amemkabidhi mke wangu kazi hiyo, lakini bado anamfanyia ukaguzi mke wangu.

Dada ana mtoto mmoja, Mwanaidi. Anasikia vizuri tu, na anaongea kwa mdomo na mikono kwa wakati mmoja. Tulimpeleka Dar juzi juzi tena kwa uangalizi. Daktari sasa hivi ni kijana mwingine, yule mama amestaafu. ECG haikuwa na shida. Kwenye altrasaundi, dada akasogeza kiti mpaka pua inakaribia kioo. Kijana akasema, "Mama, ni nzuri," nikamfasiria. Dada hakuridhika. Akamuonyesha kwa ngumi: nionyeshe ukuta wa nyuma, unavyoachia.

Yule kijana akanitazama, "Amesomea?"

Nikamwambia ni mgonjwa wa siku nyingi.

Akaurudisha, akausimamisha, akamuonyesha. Unakaza, unaachia, haungojei kitu. Dada aliangalia mapigo mengi sana. Kisha akambusu mtoto kifuani, na jeli yake yote, ikampaka midomoni.

Daktari alisema picha nzuri haimaanishi mtoto hana ile nusu, kwa sababu mama yake ana zote mbili, moja lazima anayo. Kwa sasa hatapewa dawa, asiogelee peke yake, asiingie mashindano ya mbio, na arudi kuangaliwa kila atakapoambiwa.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki. Mtu akianguka wakati wa kukimbia, kuogelea au kushtuka, msikimbilie kusema kifafa wala jini. Ombeni ECG. Kama kuna mtoto amezaliwa kiziwi na anazimia, hiyo ndiyo haraka zaidi. Kama kwenye ukoo kuna aliyekufa ghafla akiwa mdogo, mseme kwa daktari, hata kama inauma. Na mkishafika, ulizeni kama altrasaundi ya moyo itasaidia kujua nani yuko hatarini zaidi. Pimeni na wale wanaojiona wazima. Mimi sio daktari, naeleza yaliyotukuta, kila mtu aende akaonwe mwenyewe.

Mwenye uzoefu kama huu aweke hapa chini. Waliopo kwenye hizi fani watusahihishe nilipokosea. Na yule jamaa wa mdogo wake, kaka, njoo inbox tuongee.

Nitajibu maswali baadaye kidogo. Leo tuko kwa dada, chakula kiko mezani na ameshanipungia mkono. Kwa watu wengine ukiitwa kula unajibu "nakuja" unaendelea na simu. Kwa dada hiyo haifanyi kazi. Haisikii. Ndiyo huyo anakuja na mwiko.